Kabla ya Kamba na Mahema

Familia za kwanza za Wakikuyu zilizopelekwa Olenguruone mwaka 1941 zilipokewa na baridi. Nyanda zile za Mau ziko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, mvua haikawii, na mahindi waliyozoea kuyapanda huko walikotoka yalikaa shambani miezi na miezi bila kukomaa sawasawa. Viazi vilikubali, pareto nayo ikakubali. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeinunua ardhi hiyo kutoka kwa Wamaasai ili iwaweke watu iliowatoa Umaasaini na kwenye mashamba ya masetla. Kila familia iligawiwa takriban ekari nane za kulima, tena kwa masharti: ardhi isigawanywe, mrithi awe mmoja, mazao yapandwe kwa zamu kama afisa wa kilimo atakavyoelekeza.

Kisa cha Olenguruone husimuliwa kama kisa cha ardhi, na ni haki yake. Lakini mle ndani mlikuwa na wasichana, na habari zao zina mkondo wake. Kulipopambazuka, msichana wa pale alishika njia ya mtoni, kisha ya msituni. Mzigo wa kuni ulifungwa kwa ukanda wa ngozi uliopita juu ya paji la uso, uzito ukashuka mgongoni, na mikono ikabaki huru kushika panga au kumshika mtoto mdogo. Kulima na kupalilia kulifanywa kwa ngwatio: leo shamba la huyu, kesho la yule, wote wakienda kwa mstari mmoja na wimbo mmoja. Mkubwa alimwonyesha mdogo namna ya kupanga kuni ili mzigo usimvunje shingo. Aliyechoka alisubiriwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka mwenzake abaki nyuma katika msitu wenye nyati na tembo.

Hakuna mkaguzi wa elimu aliyeyaandika hayo katika daftari lake. Yalihesabiwa kuwa kazi za nyumbani tu.

Katikati ya miaka ya 1940, ugomvi juu ya masharti ya ardhi ulipozidi kupamba moto, wakazi wa Olenguruone walikula kiapo cha umoja. Viapo vya kisiasa vilikuwapo tangu awali, hasa miongoni mwa viongozi wa chama cha siasa cha Kikuyu Central Association, lakini vilikuwa vya watu wachache walioaminiwa. Jambo jipya la Olenguruone lilikuwa hili: walikula kiapo wanaume, wanawake na watoto. Familia nzima iliingia. Mwanahistoria Tabitha Kanogo, ambaye kitabu chake kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau kilitoka mwaka 1987, amelieleza kwa kina tukio hilo na namna lilivyosambaa hadi kwenye mashamba ya Bonde la Ufa. Msichana aliyekula kiapo kile alijifunza akiwa bado mdogo kwamba neno lake lina uzito sawa na la baba yake, na kwamba akilivunja atakuwa amewavunja wote.

Uzito huo ulipimwa upesi. Amri za kufukuzwa zilitolewa, kesi zikaendeshwa na kushindwa, na kufikia mwaka 1950 watu walikuwa wameondolewa kwa nguvu. Nyumba zilichomwa moto, mimea ikafyekwa, mifugo ikakamatwa. Wengi walipelekwa Yatta, nchi kavu ya Ukambani, ambayo haikufanana hata kidogo na ukungu wa Mau. Walikwenda wakiimba, na nyimbo zao zikaenea Ukikuyu kote. Baadaye Wakipsigis wengi walipewa makazi Olenguruone, nao hadi leo ndio wengi katika eneo la Kuresoi Kusini.

Mwaka uleule wa 1941, mambo mawili yaliyotokea mbali na Mau yaliweka msingi wa kile ambacho shule za leo hukiita elimu ya nje. La kwanza lilitokea Nyeri. Januari 8, Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti, alifariki katika nyumba yake ndogo ya Paxtu kwenye viwanja vya hoteli ya Outspan, alikokuwa ameishi tangu mwaka 1938. Mkewe, Olave, alikuwa kiongozi mkuu wa Girl Guides duniani. La pili lilitokea Aberdovey, pwani ya Wales. Kurt Hahn, mwalimu Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler, alishirikiana na Lawrence Holt, mwenye meli, kufungua shule ya Outward Bound. Vita vilikuwa vimepamba moto, meli zikizamishwa, na mabaharia vijana wakifa kwenye mashua za kuokolea. Hahn aliamini kwamba bahari na mlima vinaweza kumfundisha kijana kujitegemea na kumtegemea mwenzake. Kijana aliyekuwa akilini mwake wakati ule alikuwa wa kiume.

Ndivyo mambo yalivyokuwa karibu kila mahali. Mipango mingi ya kuwatoa vijana nje wakajifunze ilianza na wavulana, wasichana wakafuata. Maskauti walipokusanyika Crystal Palace, London, mwaka 1909, wasichana walijitokeza bila mwaliko wakiwa wamevaa kofia za skauti, wakataka nao wakaguliwe. Mwaka uliofuata wakaundiwa chama chao, Girl Guides, kikiongozwa na Agnes, dada yake Baden-Powell. Tuzo ya Duke of Edinburgh, ambayo Hahn alishiriki kuiasisi na ambayo mkurugenzi wake wa kwanza alikuwa John Hunt, kiongozi wa msafara wa Everest wa mwaka 1953, ilifunguliwa kwa wavulana mwaka 1956. Wasichana waliruhusiwa miaka miwili baadaye. Shule ya Outward Bound ya Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, nayo ilikusudiwa wanaume: askari, makarani, wanafunzi wa kiume waliotarajiwa kushika vyeo.

Inashangaza, kwa sababu nje hapakuwa pageni kwa msichana wa Kiafrika. Alishinda nje tangu alfajiri hadi jioni. Alichonyimwa ni nafasi ya kuwa nje kwa ajili ya nafsi yake: apande mlima bila mzigo wa mtu mgongoni, alale kwenye hema bila kupikia wengine, achague njia mwenyewe, apotee kidogo, kisha airudie.

Girl Guides walianza Kenya mwaka 1920, katika nchi ambayo shule zake ziligawanywa kwa rangi. Chama kilikua taratibu kadiri shule za wasichana zilivyoongezeka, na hizo zilikuwa chache mno. Shule ya kwanza ya sekondari kwa wasichana Waafrika ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1948; leo inajulikana kama Alliance Girls. Wakati wasichana wachache walipokuwa wakiingia madarasa yale mapya, wenzao wa rika moja kule Olenguruone walikuwa wakisikia habari za kufukuzwa. Miaka hiyohiyo mtoto mwingine, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, alikuwa akikua kwenye shamba la setla karibu na Nakuru, alikofanya kazi baba yake. Shambani hapakuwa na shule, na mwishoni mwa mwaka 1947 familia ikamrudisha Nyeri. Ndiye Wangari Maathai. Mwaka 1977 alianzisha Green Belt Movement, iliyowafundisha wanawake wa vijijini kukusanya mbegu, kuotesha miche na kuitunza wakiwa kikundi, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobel ya Amani. Ujuzi wake wa udongo, mito na miti aliuanza utotoni, kwenye kazi zilezile ambazo hakuna aliyeziita masomo.

Wakipsigis waliohamia Olenguruone walikuja na shule yao ya wasichana, na hii haifai kusimuliwa nusu. Wasichana waliotahiriwa, tarusiek, walitengwa kwa miezi kadhaa pamoja, mbali na macho ya wanaume, chini ya mafundi waliojulikana kama motirenik. Walifundishwa nyimbo, adabu, siri za utu uzima na namna ya kusimama pamoja. Msichana alitoka mle na kundi la wenzake ambao hakuna kitakachowatenganisha hadi uzee. Waliopitia utengo huo husimulia undugu ambao shule ya bweni haiwezi kuupata kwa urahisi. Lakini lango la kuingilia lilikuwa kisu, na la kutokea, kwa wengi, lilikuwa ndoa. Damu, maambukizi, uzazi wa taabu na masomo yaliyokatika havikuwa ajali ndogo za mila njema. Vilikuwa gharama yake, na gharama hiyo ilibebwa na wasichana peke yao.

Kwa hiyo swali lililowakabili akina mama, walimu na makanisa lilikuwa gumu: je, kundi linaweza kubaki na kisu kikaondoka? Jibu la kwanza lililopangwa vizuri lilitoka Tharaka mwaka 1996, pale chama cha Maendeleo ya Wanawake, kikisaidiwa na shirika la PATH, kilipoandaa utaratibu mbadala. Wasichana walitengwa kwa siku chache, wakafundishwa kuhusu miili yao, haki zao na mila zao, kisha wakatoka kwa sherehe, nyimbo na zawadi mbele ya wazazi. Mtindo huo ulienea hadi Bonde la Ufa, na likizo ya Desemba, iliyokuwa msimu wa kutahiri, ikawa msimu wa kambi. Sheria nayo ikasogea: Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, halafu sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ya mwaka 2011. Takwimu za afya za taifa zinaonyesha mwendo wake: mwaka 1998 wanawake waliokeketwa walikuwa asilimia 38 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na mwaka 2022 walikuwa asilimia 15. Sheria peke yake isingefanya hivyo. Msichana anayekataa huhitaji wenzake wa kukataa naye, na kambi humpa hao.

Turudi nyuma kidogo, kwenye miaka ya uhuru. Mwaka 1966 Kenya ilianzisha Tuzo ya Rais kwa kufuata mfano wa ile ya Duke of Edinburgh, na safari hii wasichana hawakusubirishwa. Ina ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu, na iko wazi kwa vijana wa miaka 14 hadi 24. Mshiriki hutoa huduma kwa jamii, hujifunza ufundi, hufanya mazoezi ya mwili, kisha huenda safari ya porini. Safari ya shaba ni siku mbili na usiku mmoja. Ya fedha ni siku tatu. Ya dhahabu ni siku nne na usiku tatu.

Mtu asiyeijua anaweza kudhani ni matembezi tu. Sivyo. Kikundi hupanga njia yake kwenye ramani kabla ya kuondoka, kikagawana vyombo: huyu abebe hema, yule sufuria, mwingine unga na mboga, mwingine kisanduku cha huduma ya kwanza. Mtathmini huwafuata kwa mbali na haruhusiwi kuwaonyesha njia. Wakikosea njiapanda, lazima waketi, waitandaze ramani chini, wabishane, wakubaliane. Hapo ndipo hujulikana nani anasikiliza na nani anapaza sauti tu. Na msichana ambaye darasani hafungui mdomo ndiye mara nyingine anayegundua kwamba mto uliochorwa kushoto wao wameuacha kulia. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria iliyoifanya Tuzo ya Rais kuwa taasisi rasmi ya serikali.

Miaka miwili baada ya tuzo hiyo kuanza, mwaka 1968, wanafunzi wa sekondari walianzisha Wildlife Clubs of Kenya, na Nakuru ikafaidika mapema kwa sababu ya ziwa lake. Klabu hizo zina hosteli ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru, na kwa watoto wengi wa shule za umma usiku wa kwanza mbali na nyumbani ulikuwa pale, wakihesabu korongo na kusikia fisi. Elsamere, Naivasha, iliyokuwa makazi ya mwandishi Joy Adamson, nayo hupokea shule kwa masomo ya mazingira. Kwa Olenguruone, iliyokaa ukingoni mwa msitu mkubwa unaolisha mito ya Mara, Sondu na Njoro, somo la mazingira halihitaji basi. Linahitaji mwalimu aliye tayari kufunga kitabu, na mwalimu mkuu asiyeona saa hiyo imepotea.

Mwaka 1992, kisha 1997, kisha 2007 na 2008, Kuresoi, Molo na Olenguruone zilitajwa redioni kwa sababu ya moto wa mapigano ya kikabila. Majirani walichomeana nyumba. Wanafunzi walikimbia na familia zao, na shule nyingine zikawa makazi ya wakimbizi. Tume ya Jaji Akiwumi ilichunguza mapigano ya awali mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika nchi yenye historia hiyo, kumweka msichana Mkikuyu, Mkipsigis, Mwogiek na Mkisii katika hema moja na sufuria moja ni jambo la maana kubwa. Anayewasha moto humtegemea aliyeleta kuni kavu, na wote humtegemea aliyekumbuka kibiriti. Ushirikiano wa namna hii hauji kwa hotuba ya siku ya michezo. Unahitaji njaa ya jioni na kazi ambayo mmoja hawezi kuimaliza.

Michezo ya kujenga umoja inayouzwa sasa na kampuni za Naivasha na Sagana, ya kamba, magogo, maboti na macho yaliyofungwa kitambaa, imechota kwenye kisima kilekile cha Hahn. Ina faida yake. Lakini shule nyingi huikodi kwa siku moja, wasichana wakacheka, wakapiga picha, basi likaondoka saa kumi. Sehemu iliyoachwa ndiyo iliyokuwa kiini cha Outward Bound tangu Aberdovey: kazi ngumu ikiisha, kikundi huketi na kusemezana. Nani aliamua? Nani aliachwa? Tungefanyaje vingine? Bila mazungumzo hayo kamba hubaki kamba. Na bei huwa mwiba, maana ada ya siku moja mahali pengine ingetosha kununua mahema ya shule nzima, yakatumika miaka.

Eneo hili la Kuresoi, hata hivyo, lina elimu ya nje isiyodaiwa ada kubwa na ambayo imewafikisha wasichana wake mbali kuliko nyingine zote: mbio za nyika.

Wanawake wa kwanza wa Kenya kwenda Olimpiki walikwenda Mexico mwaka 1968: Lydia Stephens, Elizabeth Chesire na Tecla Chemabwai. Medali ya kwanza ya mwanamke ilikuja Atlanta mwaka 1996, Pauline Konga alipopata fedha ya mita 5,000. Dhahabu ikaja Beijing mwaka 2008 kwa Pamela Jelimo. Nyuma ya majina hayo kulikuwa na mashindano ya shule, ambapo kila muhula wa kwanza wasichana hukimbia kwenye malisho na njia za mashambani, matope yakiwafika magotini.

Anayetazama kwa mbali huona mbio za mtu mmoja mmoja. Hesabu yake husema vingine. Kila timu hujumlisha nafasi za wakimbiaji wake bora, na jumla iliyo ndogo ndiyo hushinda. Aliye wa kwanza huchangia pointi moja. Wa nne akiteleza hadi nafasi ya 30, amewaongezea wenzake 30. Ndiyo sababu mwalimu wa mbio za nyika humkazia macho msichana wa nne kuliko wa kwanza, na ndiyo sababu mazoezini wanafunzi hukimbia kwa kundi, wenye nguvu wakiwavuta wengine kupanda kilima.

Keringet ni mji jirani wa Olenguruone, katika Kuresoi Kusini hiyohiyo. Karibu nao, kijijini Ndabibit, alikulia Faith Kipyegon. Kwanza alipenda soka. Alipokuwa na miaka 14, katika kipindi cha mazoezi ya viungo shuleni, wanafunzi waliambiwa wakimbie kilomita moja, naye akawaacha wengine nyuma kabisa. Miaka miwili baadaye, Machi 2010, alikuwa Bydgoszcz, Poland, kwenye mbio za nyika za dunia za vijana, akikimbia bila viatu. Mercy Cherono alimaliza wa kwanza, Purity Rionoripo wa pili, Esther Chemtai wa tatu, Kipyegon wa nne. Moja, mbili, tatu, nne: jumla pointi 10, na hakuna timu inayoweza kupata pungufu ya hapo.

Mwaka uliofuata, Punta Umbría, Uhispania, alishinda mwenyewe, tena pekupeku. Kisha ikaja dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 mara tatu mfululizo, Rio, Tokyo na Paris, na rekodi za dunia. Usiku wa Juni 26, 2025, jijini Paris, alijaribu kukimbia maili moja chini ya dakika nne, jambo ambalo hakuna mwanamke aliyewahi kulifanya. Wakimbiaji 13 walimzunguka ili kumkinga na upepo, mbele na nyuma, kila mmoja akijua mahali pake. Alimaliza kwa dakika 4 na zaidi kidogo ya sekunde 6. Siku tisa baadaye, Eugene, Marekani, aliivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 48.68.